Jani la Kupelekwa Tarime

Tumba, Uswidi, 6 Oktoba

Wifi yangu Leokadia,

Natumaini goti limepungua kuuma na wajukuu hawakuchoshi. Huku baridi ndiyo imeanza. Jumamosi nilimpeleka kaka yako milima ya Dalarna kutazama majani yanavyogeuka rangi kabla ya kupukutika. Watu wa huku huenda mwendo wa saa nne kwa ajili ya hilo tu. Siku hizi usukani nashika mimi.

Wifi, mlima mzima ulikuwa na rangi ya njano na nyekundu! Nikasimamisha gari tunywe chai. Kaka yako akashuka, akashika tawi, akawa anageuza majani moja moja kama mlivyokuwa mkikagua kahawa ya baba yenu huko Tarime. Akaniuliza kwa ukali, "Nani ameacha shamba liugue hivi?"

Miaka thelathini na moja yuko Uswidi. Nilitaka kumwambia ni msimu tu. Nikashindwa, nikasema tutapiga dawa.

Uliponilaumu kwamba hakupigii simu, nilisingizia kazi. Kazi aliacha tangu Machi, daktari alipotuambia. Majina yanampotea. Wiki iliyopita lilimpotea hata la binti yetu.

Lakini pale mlimani alichuma jani, akanikabidhi. "Mpelekee Leokadia. Yeye ndiye anayejua magonjwa ya kahawa."

Limo humu ndani ya bahasha. Mpigie, wifi. Usimsahihishe. Mwambie umeliona, na shamba litapona.

Wifi yako anayekuomba radhi,
Flaviana