Sukari Ilitangulia Jibu

Nyumba ya Mzee Gurban,
Mtaa wa Juu,
Sheki.

19 Januari

Mpendwa Shangazi Mehpara,

Nisamehe. Kifurushi chako kilifika majani ya miti yakiwa yanapukutika, na leo theluji imefika usawa wa dirisha ndipo naokota kalamu. Ningesema mtoto ndiye sababu, na kweli ndiye, lakini najua utaniuliza, “Kwani huyo mtoto ananyonya mkono wa kuandikia?” Basi niseme tu kwamba kila nilipokaa kukuandikia nilisinzia. Nisamehe mara moja iishe, maana nina mengi.

U hali gani? Magoti yanasemaje na unyevunyevu wa huko Lankaran? Nimesikia bado unaingia mwenyewe shambani kupogoa michai. Shangazi, nakuomba uache. Nakuomba kwa upendo, lakini nakuomba uache kweli.

Sisi tu wazima. Mtoto amejua kucheka kwa sauti, anacheka hasa nikipiga chafya. Mimi nimechoka, ila ni uchovu wa heri. Mume wangu Ilgar hajambo. Habari zake zinakuja, nawe utacheka.

Kwanza chai yako. Siku kifurushi kilipofika, mama mkwe alikifungua yeye, akachota majani kwenye kiganja, akayasugua, akanusa huku amefumba macho. Unamjua mama yule, kusifu kwake ni kama mvua ya jangwani. Akasema, “Huyu shangazi yako ana mkono.” Basi. Hakuongeza neno siku nzima, nami nilitembea nyumbani humu kama niliyepewa cheo.

Ile uliyochanganya na maganda ya limau tuliinywa alasiri zote za majani kupukutika, tukiwa barazani na blanketi magotini. Kijiko cha jamu ya cheri nyeupe mdomoni, halafu funda la chai juu yake. Baba mkwe anapenda yake iwe na majani ya zaatari ya mlimani, anasema yanamkumbusha ujana wake wa kuchunga. Mama mkwe humjibu, “Ujana gani? Mimi nilikukuta mzee.”

Baridi ilipokaza tukahamia kwenye ile nyeusi tupu. Shangazi, hiyo sijui niieleze vipi. Mama mkwe huiacha kwenye buli juu ya samawari mpaka inatoa rangi nyekundu ya mahameli, kisha anainua glasi kwenye mwanga wa dirisha kabla hajampa mtu. Kama haijamridhisha hairuhusu itoke jikoni. Nimekaa naye mwaka wa tatu na bado sijapata rangi ile. Yeye haangalii saa, anasikiliza tu. Anasema chai iliyoiva hunyamaza.

Na nilipokuwa kwenye arubaini, yeye ndiye aliyenipikia chai ya mzazi, ya tangawizi, mdalasini, iliki na sukari tele. Alipolala yeye, Ilgar akashika zamu. Vijiko viwili kila glasi, anakoroga, analeta. Arubaini ikaisha, naye hakuacha. Ukimwamsha usingizini ukamwekea glasi mbele atatia vijiko viwili. Mwanamume gani mwingine unamjua afanyaye hivyo? Mimi simjui. Ndiyo maana kwa haya nitakayokuambia sasa sikumgombeza, ingawa wenzangu walimgombeza hadi wakashiba.

Wiki iliyopita walikuja washenga wa wifi yangu Nazile, mara ya pili, ile ya kupewa jibu. Ni watu wa Zagatala. Alikuja Mzee Shamil, mjomba wa kijana, pamoja na mkewe, na kijana mwenyewe, Vahid. Huko kwenu nako ni hivyohivyo, chai ya siku hiyo ndiyo mdomo wa msichana. Ikija na sukari ndani, amekubali. Ikija kavu, amekataa. Na ikishanyweka mbele ya wazee, neno halirudi.

Sasa Nazile anampenda Vahid. Anayemfahamu anaona, maana Vahid akitajwa, binti anaanza kufuta meza iliyo safi. Lakini watu wa Zagatala wanataka harusi kabla ya sikukuu ya Novruz, mwezi wa tatu, na wamesema wazi kwamba mke wa mtu hatapanda mabasi kwenda Ganja kusoma. Nazile yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi, anamaliza Juni. Akawa analia jikoni, “Mama, simkatai Vahid. Naikataa haraka yao.”

Mama mkwe akamwambia, “Mwanangu, chai ina neno la ndiyo na neno la hapana. Neno la ngoja haina.”

Binti akafikiri sana, akafuta macho, akasema, “Basi ije kavu.” Ungemwona alivyosema ungelia nawe.

Washenga wakafika, wakakaa. Mama mkwe alikuwa nao sebuleni, Nazile kajifungia chumbani, mimi nanyonyesha. Sauti ikaja, “Chai!” Nikamnong’oneza Ilgar, “Mimina wewe, nakuja kuchukua sinia.” Akamimina. Na kwa kuwa anajiona ndiye anayejua zaidi, akaona asinisumbue, akalipeleka mwenyewe.

Nilisikia Mzee Shamil akipiga goti lake kofi. “Mubarak! Tamu kama asali! Mama Ilgar, binti yetu ametupa neno!”

Shangazi, nilimtoa mtoto kwenye titi. Nilitoka na mtoto begani, nikakuta Ilgar kasimama mlangoni, rangi imemtoka, anaangalia vidole vyake kama si vyake. Vijiko viwili. Kila glasi. Na nyuma yangu Nazile ameshasikia, ameshika ukuta.

Sikufikiri. Mkwe mdogo hapaswi kusema mbele ya washenga, nami sikusema. Niliingia, nikampa mama mkwe mtoto, nikachukua glasi moja moja na kuzirudisha kwenye sinia. Ya Mzee Shamil niliitoa mkononi mwake, taratibu, lakini niliitoa.

“Kulikoni?” akauliza.

Mama mkwe, na mtoto kwapani, alikuwa ameshaelewa. Akasema kwa upole, “Mjomba, hiyo si chai ya Nazile. Ni chai ya mzazi, ilipotea njia. Ya Nazile haijaiva.”

Mzee Shamil akacheka kicheko cha mtu asiyetaka kushindwa. “Mama Ilgar, sukari ikishayeyuka haitoki.”

“Haitoki,” akasema mama mkwe, “lakini chai humwagwa.”

Akaja jikoni, akaimwaga yote, mbele ya mlango ulio wazi ili waone. Nampenda mama yule, Shangazi. Siku hizi tukikorofishana naikumbuka ile sauti ya chai ikimwagika, natulia.

Kisha akamgeukia Ilgar. “Nimekuzaa, nimekulea, kumbe nilikuwa nafuga mshenga!”

“Mama, mikono imezoea,” akasema maskini.

“Basi izoee kukaa mfukoni.”

Akatia ile nyeusi yako iliyobaki, akaiweka juu ya samawari, akasubiri. Hakuharakisha hata kidogo. Sebuleni watu walikohoa, samawari ikaimba, theluji ikaanguka kutoka paani. Chai iliponyamaza alimimina, akainua glasi kwenye mwanga, akaridhika. Halafu akamsogezea Nazile kopo la sukari ya madonge na kumwambia, “Mdomo ni wako.”

Nazile aliliinamia sinia lile muda mrefu, nikadhani hatapumua tena. Glasi zote aliziacha kavu. Ila kwenye kisahani cha Vahid, kando ya glasi, aliweka donge moja. Akalibeba sinia mwenyewe, wala halikutikisika.

Mzee Shamil akaonja yake, uso ukamwanguka. Kisha akaona donge kwenye kisahani cha mpwa wake. “Hii nini tena? Ndiyo au hapana?”

Nazile macho kayainamisha, lakini sauti hakuiinamisha. “Sukari ipo, mjomba. Sijaikoroga.”

Mke wa Mzee Shamil ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Vahid hakucheka. Alilichukua donge, akalifunga kwenye leso yake, akalitia mfuko wa ndani wa koti. Akanywa chai yake kavu mpaka chini.

“Itakorogwa lini?” akauliza.

“Nikimaliza masomo. Juni.”

“Basi nitaitunza isilowe.” Akamgeukia mjomba wake. “Na mabasi ya Ganja yatapandwa, mjomba. Mimi mwenyewe nitamsindikiza kituoni.”

Mzee Shamil alinuna kidogo, halafu akaomba glasi nyingine, halafu nyingine. Alipoiomba ya nne aliuliza chai hii ni ya wapi. Mama mkwe akajinyoosha kama yeye ndiye aliyeipanda. “Ni ya shangazi wa mkwe wangu, Lankaran. Hainunuliki.” Sijawahi kumsikia akijivunia kitu cha kwetu. Nilikuona wewe na magoti yako kwenye michai, nikageuka nisafishe buli lililo safi.

Sasa Nazile amerudi chuoni. Anasoma kwa bidii, ananiandikia kwamba baridi ya Ganja haina adabu. Juni washenga watarudi, na mama mkwe ameshaapa kwamba siku hiyo haitanyweka chai nyingine ila yako. Tatizo ni kwamba waliimaliza. Wajua mgeni hahesabiwi glasi za chai.

Nisalimie Mjomba Aghasi, umwambie asivute sigara kwenye kibanda cha kukaushia majani. Nisalimie Lala na mapacha wake. Mama mkwe anakusalimu, na salamu zake ujue si za kumpa kila mtu. Mungu akujalie magoti mepesi na mvua ya kiasi, azidishe ulichonacho mkononi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ninaposinzia,

Sureyya

Vya kumpa dereva wa basi, nakuomba: soksi za sufu za mtoto, kubwa kidogo kuliko zile, mguu wake unakimbia. Maganda ya limau yaliyokauka, kopo moja. Jamu ya tini, kama ipo. Mwezi wa tano, mavuno ya kwanza yakitoka, kilo mbili za ile nyeusi tupu, usizichanganye na kitu. Sukari usitume. Ya siku hiyo iko mfukoni mwa Vahid.