Damu ya Theluji

Oldeani, Jumapili

Dada yangu Dorkasi,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi yetu ya huku. Simu yangu ilitumbukia kwenye hori la farasi, ndiyo maana nakuandikia. Barua ataileta dereva wa lori la vitunguu. Maharage yamechanua, na yule mbwa wako amezaa tena chini ya kitanda changu.

Tangu turudi na watalii wa kupanda farasi kutoka porini kule Eyasi, Theluji, yule farasi jike mweupe, anakula vizuri lakini anakonda. Juzi nilimkuta anasinzia, kichwa kikiwa ndani ya ndoo. Daktari wa mifugo alimtoa damu shingoni, akaiweka kwenye hadubini, akaniita nichungulie. Vidudu vilikuwa vinajinyonganyonga humo. Akasema ni ugonjwa wa mbung'o, ambao kwa binadamu huitwa malale.

Kisha akauliza nani alilala karibu na farasi kule porini. Nikasema ni mimi, na mbung'o waliniuma kweli. Akanisihi nikapimwe damu. Nikamwambia mimi si farasi. Homa hii niliyo nayo tangu turudi ni malaria tu, ingawa kipimo cha duka la dawa hakikuonyesha kitu.

Basi, usimtie mama wasiwasi.

Dada, nimerudi kuandika. Barua hii niliianza asubuhi, chai ikiwa ya moto. Sasa chai ina utando, shavu langu lina wino wa barua hii, na nje wanawafungia ng'ombe zizini. Njoo unichukue.

Mdogo wako,
Martini