Nimepitiliza Nagoya

Jumatano, Nagoya. Mvua imenyesha tangu asubuhi, nyembamba, ya kimyakimya. Sina huzuni. Nina hasira kidogo na raha nyingi.

Acha niandike kilichotokea kabla wengine hawajakisimulia kwa niaba yangu.

Jana nilipanda treni ya mwendokasi pale Tokyo, peke yangu, nikakaa dirishani. Ikaondoka taratibu, kisha ikafyatuka. Nyumba, mashamba ya mpunga, mito, vyote vikawa vinakimbilia nyuma, na chai yangu imetulia kwenye kikombe. Nikacheka kwa sauti. Mzee wa kiti cha jirani akanitazama, naye akatabasamu.

Nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, ambako kutoka nje kulihitaji kibali. Sasa naishi Louisville, mji usio na treni ya abiria. Zilizopo ni za mizigo, zinazotufungia barabara kule mtaani Shively wakati nakimbilia zamu ghalani. Niliapa kwamba siku moja nitakaa ndani ya treni, na iwe inayokimbia kweli.

Kaka yangu mkubwa, Zakaria, anayeishi Columbus, hakuafiki. Tangu nifiwe na mume wangu amejifanya mlinzi wa miguu yangu.

Tulipokaribia Nagoya akapiga simu. Alikuwa kwenye mapumziko ya zamu ya usiku. Kwenye treni za huku watu hawaongei na simu vitini, basi nikaenda kusimama karibu na mlango.

"Mjane anazunguka nchi za watu anatafuta nini?" akauliza. "Ukipotea huko, nani atakuokota?"

Nikasikia kituo changu, Nagoya, kinatangazwa. Nikaona watu wanashuka. Lakini sikulelewa kumkatiza kaka mkubwa. Nilipopata upenyo wa kusema "Samahani, kaka," nikakimbilia begi langu kitini, milango ikafungwa.

Treni ikaondoka na mimi. "Kaka, nimepitiliza kituo," nikamwambia.

"Si nilikuambia!" Zakaria akasema.

Nikamkatia simu. Sijawahi kufanya hivyo maishani.

Kituo kilichofuata kilikuwa Kyoto, mbali kabisa. Akapita konda, dada mwenye glavu nyeupe. Nikamwonyesha tiketi, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Akaongea na simu yake, nayo ikanitafsiria kwa Kiswahili cha ajabu: "Wewe hakuna tatizo. Shuka, rudi." Akaigonga tiketi muhuri, akainama. Nami nikainama. Kyoto nikauliza kwa vidole, nikapanda inayorudi.

Nilipofika hotelini, kikundi cha familia kwenye simu kilikuwa kinawaka moto. Zakaria alishatangaza kwamba nimepotea Japani. Akina mama wa kanisa letu pale mtaa wa Iroquois wameshaanza maombi ya kufunga. Mdogo wangu Rebeka, wa Buffalo, analia kwenye ujumbe wa sauti.

Nikarekodi wangu: "Sikupotea. Nilipitiliza. Anayepitiliza anajua alikotaka kushuka."

Zakaria alipotoka kazini alipiga tena.

"Rudi nyumbani, usituaibishe."

"Kaka, nakuheshimu. Ila safari yangu haijaisha, na sirudi kabla haijaisha."

Nikangoja anikaripie, na safari hii nilikuwa tayari. Badala yake akauliza kwa sauti ya chini, pengine mkewe asisikie:

"Hiyo treni... kweli inakimbia kama wanavyosema?"

"Njoo uipande, kaka."

Miaka yote nimeambiwa nikae, ningoje, nisogee nyuma kidogo. Kambini niliambiwa, ghalani naambiwa, na nyumbani kwetu tunaliita jambo hilo adabu. Adabu ninayo. Na miguu ninayo.

Kanisa liendelee kuomba, maombi siyakatai. Mimi kesho nakwenda Hiroshima.