Ulipoinuka Kabla ya Taa Kuwaka

Mwalimu wangu Salum,

Leo ni arobaini yako. Hitma inasomwa hapa nyumbani kwako, kitongoji cha Minto, huku ugenini, na dua ikiisha mkeo, Bi Zuhura, anataka niwasomee wageni uhakiki wako wa mwisho, ule wa filamu ya vijana wa Kuba. Nimejifungia chumba cha wanao, karatasi mkononi, na nina hasira nawe. Ndiyo, hasira.

Miaka sita tuliendesha kipindi chetu cha redio cha Kiswahili kule mtaa wa Blacktown, wewe ukihakiki filamu, mimi nikijifunza. Sheria yako ilikuwa moja: "Daudi, anayeinuka kabla ya taa kuwaka hana haki ya kusema." Ulinikaripia hata nilipokwenda msalani!

Basi siku ile, kwenye sinema ya Parramatta, uliinuka wewe. Kifua kilikubana, nikakushika mkono mpaka stesheni, tukaikosa nusu saa ya mwisho. Kwenye treni ukaniambia, "Nimeona ya kutosha." Kesho yake ukaandika kwamba wale ni wahuni wasio na shukrani, wanakidhihaki kisiwa chao, kilichokusomesha wewe bure. Nilijua hukufika mwisho. Nikanyamaza. Wiki haikuisha, tukakuzika.

Siku hizi kiti chako studioni nakikalia mimi, na bado kinayumba. Wahakiki wa magazeti ya hapa wamegawanyika: mmoja kasifu nyuso za wale watoto, mwingine kasema hamna hadithi, ni kuzurura juu ya mapaa tu. Watu wetu hawakugawanyika. Mwalimu kasema redioni ni mbaya, basi ni mbaya. Hata binti yako Asha kaniambia, "Just read it, Uncle. Dad hated it." Yaani nisome tu, baba yake aliichukia.

Lakini nilirudi sinema peke yangu, nikakaa mpaka mwisho. Yule mwalimu mzee waliyemcheka filamu nzima anaanguka kwa ugonjwa akiwa ghorofa ya tano, na lifti ni mbovu. Ni wale wale wahuni wanaomteremsha mgongoni, wakipokezana. Mmoja ana begi la safari, na gari la kumpeleka uwanja wa ndege linaondoka bila yeye. Nililia, Mwalimu. Hata wewe ungelia.

Marehemu hasemwi vibaya, najua. Nikisema ukweli leo, huenda Bi Zuhura asinifungulie mlango tena. Nikinyamaza, watoto wale watabaki wahuni masikioni mwa watu wetu wote, kwa kauli yako na kwa sauti yangu.

Wananiita. Nitasoma maneno yako yote, sitafuta hata nukta. Kisha nitawaambia uliinuka wapi, kwa nini, na nani alikushika mkono na kunyamaza. Halafu nitawasimulia iliyobaki.

Pumzika, Mwalimu. Nisamehe kwa hili la leo. Na nakuahidi, kila filamu nitakaa mpaka taa ziwake, kwa ajili yetu sote wawili.

Daudi