Neno la Root Uliloniachia

Yaya Kashindi, kaka yangu wa kazi,

Umekufa. Naandika neno hilo kwanza kwa sababu mdomo wangu bado unalikataa. Juzi hapa redioni niliuliza, "Yaya amekwisha kula?" Wote wakanitazama. Nami nikabaki naitazama mikono yangu, kama ndiyo iliyouliza.

Asubuhi ile ulikuwa mzima. Ulikuwa unapuliza chai, unanicheka kwa vumbi la ukuta lililojaa kwenye kitambaa changu cha kichwa. Ukasema unafika Kavimvira kuchukua batri na kurudi. Basi. Bomu lilianguka njia panda mkiwa mnarudi. Moja tu, kisha kimya, kana kwamba aliyelirusha alikuwa anajaribu mkono. Motari, dereva wa pikipiki aliyekubeba, alifika kwa miguu, batri kichwani, bila pikipiki, bila wewe. Akasema, "Fundi wenu iko pale. Lakini hayuko." Nikamwambia aseme vizuri. Akarudia vilevile.

Tulikuzika siku ileile, mbiombio, maana risasi zilikuwa zinasogea. Mkeo Mama Neema hakulia. Alinishika mkono pale kaburini, akasema, "Furaha, mama mkwe hajui." Ndipo nikakumbuka. Mama yako yuko Bijombo, juu kule milimani. Barabara imefungwa, simu hazipiti. "Atakaa anamngojea mwanawe," Mama Neema akasema. "Mtangazeni kwenye redio, atasikia."

Redio gani, Yaya? Redio ilikuwa bubu! Waporaji walikuwa wamebeba meza ya sauti, na kompyuta moja iliyobaki, ile ordinateri ambayo sauti yote ingepitia, mfumo wake ulikuwa umeharibika. Wewe ndiye uliyekuwa unaijengea mwingine. Mashine ile ni mzee, mifumo iliyo tayari inaikataa, kwa hiyo uliamua kuujenga mfumo mzima kutoka kwenye msimbo wake wa asili, kipande kwa kipande, ule msimbo uliouleta kutoka Bujumbura kabla mpaka haujafungwa. Uliujenga ndani ya ordinateri yako mwenyewe, ukiuweka kwenye diski mpya tuliyoifunga pembeni. Papa Amisi, mtangazaji wetu, alikuuliza kama una wazimu, kushona programu na vita iko mlangoni. Ukamjibu, "Basi tungojee nini?"

Na sasa kazi ilikuwa nusu, na aliyebaki kuimaliza ni mimi.

Nilikaa kwenye kiti chako kesho yake, jua lilipoanza kupiga kwenye sahani za sola. Nilikuwa na majina mawili ya kuingilia, uliyonipa mwenyewe. Moja ni langu, la mtu wa kawaida. Lingine ni root, yule mkubwa asiyekatazwa kitu ndani ya mashine. Neno lake la siri ulininong'oneza siku waliyopora, ukasema vita haina adabu, mtu mwingine alijue. Lakini ulinionya: "Weye, kujenga hakuombi ukubwa. Jenga kama muntu wa kawaida. Ukubwa ni wa kuweka kitu mahali pake, halafu unatoka."

Nikajenga kama mtu wa kawaida. Ilienda vizuri mpaka wingu likafunika jua na mashine yako ikazimika. Nilipoiwasha tena nikaendelea pale nilipoachia, nikaiamuru iweke kipande kilichokuwa tayari. Ikanijibu kwa Kifaransa chake kile kikavu: Permission non accordée, ruhusa haikutolewa.

Yaya, nilipiga kelele. Umezikwa, mama yako hajui, na chuma hiki kinanikatalia mimi! Papa Amisi akasema, "Si uko na neno la yule mkubwa? Ingia, ulazimishe, tumalize." Nikaliandika. Nikawa root. Nikairudisha amri ileile, kidole kikawa juu ya kitufe.

Sijui ni nini kilichonizuia. Wewe ulizoea kusema, "Ukikataliwa, uliza kwanza umekataliwa wapi." Nikasoma mstari wote tena, polepole, kama mtoto anayejifunza herufi. Njia ya kwenda kwenye diski mpya haikuwemo. Mashine ilipozimika ilisahau jina tulilolipa ile diski, na pale palipokuwa na jina palikuwa patupu. Amri yangu ilikuwa inakwenda kumwaga vitu juu ya mfumo wa ordinateri yako yenyewe, ile inayobeba kazi yote. Mtu wa kawaida alikuwa amekataliwa mlangoni. Root asingekatazwa na yeyote. Kidole kimoja tu, Yaya. Kazi yako yote ingekufuata.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Kisha nikarudi, nikatoka kwenye root, nikaipa diski jina lake, nikaendelea kwa jina langu. Mwishoni ndipo ukubwa ulipohitajika kweli: kumkabidhi root mafaili yake, kuingia ndani ya mfumo mpya, kuweka kile kinachouamsha. Nikaingia, nikafanya, nikatoka. Tukaifunga diski kwenye ile mashine mzee. Tukaiwasha. Maandishi meupe yakaanza kuteremka kwenye kioo, na Papa Amisi akavua kofia.

Tukashangilia, Yaya. Naona haya kukwambia, lakini tulirukaruka. Halafu Papa Amisi akavuta kipaza sauti, akaita jina la mama yako, akataja kijiji chake, akasema, "Mwanao Kashindi hatunaye tena." Nikasikia sauti ikitoka safi kabisa. Hapo tu ndipo nilipoelewa nilikuwa naharakisha nini.

Mama ameteremka kwa miguu, kwa njia za wachungaji, na wanawake wenzake. Amefika leo. Unajua aliniambia nini? "Nilikuwa napalilia maharagwe. Redio ya jirani ikaita jina langu. Nikafurahi, mwanangu. Nilidhani ni Kashindi ananisalimia."

Nikampeleka nyumbani kwako.

Yuko huko, amemkumbatia mwanao Neema. Hapa nje kuna akina mama wamejipanga ukutani, kila mmoja na jina la mtoto aliyempotea njiani wakati wa kukimbia, na Papa Amisi anayasoma moja moja. Nakuahidi, Yaya: mashine hii haitanyamaza nikiwa hai. Na yeyote nitakayemfundisha ataanza na jina lake mwenyewe, si la root, kama mimi.

Pumzika, fundi wangu. Wananiita, kuna mtoto amesikia jina lake redioni, amejibu.

Ni mimi,
Furaha