Hasi Kumi na Tano Iliyobaki Nje ya Kioo

Mtani wangu wa Handeni,

Jumatatu ya wiki iliyopita, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, ukurasa wetu wa hesabu mtandaoni ulipoteza vitu viwili: upande wa kulia wa milinganyo mirefu, na jina langu. Saa nazijua kwa sababu saa mbili niliufungua mwenyewe, ulikuwa mzima. Saa nne nikarudi kurekebisha herufi moja, paswedi ikanikataa. Nikajaribu mara tatu. Nikavilaumu vidole vyangu. Wewe sikukudhania.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu hupokei, na kwa sababu walimu wanaoutumia ukurasa ule, kuanzia Mkumbara hadi Handeni, wana haki ya kujua kwa nini hesabu zimekatika. Wasiotujua niwaeleze kwa kifupi. Mimi nina steshenari Korogwe, jirani na stendi. Shule niliishia kidato cha pili. Wewe ulikuwa mwalimu wa hesabu Handeni, sasa uko ofisi yenye viyoyozi huko Dodoma. Mimi Mnyamwezi, mjukuu wa mkata mkonge wa Ngombezi. Wewe Mzigua. Kabla hatujajuana majina tulikuwa watani tayari, na mtani, kwetu, anakutukana mchana kweupe nawe unacheka.

Unakumbuka tulivyokutana? Uliniletea mtihani wa kidato cha tatu umeuandika kwa mkono, niuchape. Sehemu zote nikazichapa kwa ule mstari wa mshazari, namba ya juu na ya chini zikakaa ubavu kwa ubavu. Ukaishika karatasi, ukaigeuzageuza.

"Wewe Mnyamwezi, hii ni tatu ya nne, au ni tarehe tatu mwezi wa nne?"

"Ni tarehe ambayo Mzigua atajua kuhesabu."

"Wapagazi nyie! Kazi yenu kubeba."

"Tulibeba kwa sababu wenye mizigo hamkujua iko mingapi."

Wateja wakacheka. Ukakaa kwenye benchi langu, hukuondoka mpaka jioni.

Wewe ndiye uliyeleta habari kwamba ipo maktaba ya skripti, ya bure, ambayo ukiiunganisha na ukurasa wa mtandao inageuza alama za kuchapa kuwa hesabu yenye sura ya kitabuni. Ulikuwa umesikia tu. Niliyeisoma ni mimi. Maelezo yote Kiingereza, na kamusi yangu haina jalada wala herufi A. Kila Jumamosi ulipanda basi kutoka Handeni na daftari lako la maswali, unaniambia hesabu inavyotakiwa kuonekana, nami natafuta namna ya kuiambia mashine. Jumamosi ya nne sehemu ikasimama: tatu juu, mstari, nne chini. Ukaruka hadi ukagonga rafu ya madaftari.

"Imesimama! Mtani, imesimama!"

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi akainua kichwa. "Mgosi, bwana wee, limesimama nini, na basi lenyewe halijafika?"

Tulimcheka yule mzee mwaka mzima. Hata leo nikiona basi linachelewa nasikia sauti yake, na ndicho kinachoniudhi: hata kucheka kwangu uliondoka nako.

Watu wanadhani skripti ikishawaka kazi imekwisha. Kazi ndiyo inaanza, kwenye faili la mipangilio. Skripti haijui chochote mpaka uiambie: alama ipi ianzishe hesabu na ipi iimalize, herufi ziwe na ukubwa gani, na mlinganyo ukizidi upana wa kioo ufanyweje. Hilo la mwisho lina majibu matatu. Ukunjwe, ushukie mstari wa chini. Au usogezwe kwa kidole. Au uachwe upite, na kinachozidi kisionekane.

Tulibishana Jumamosi nzima. Ulisema mlinganyo uliokunjwa unachukiza, kama shati lililopigwa pasi na fisi. Mimi nikatoa kile kisimu changu cha zamani, kioo kimepasuka kona, nikakuwekea mezani. Nikakuambia mtoto wa Mashewa anasomea simu ya mama yake, na simu ya mama yake ndiyo hii. Ulikitazama muda mrefu. Kisha ukavuta kibodi, ukaandika kwa vidole vyako mwenyewe: ukunjwe. Ukubwa, asilimia mia. Ukasema, "Na iwe sheria. Kisichoenea kwenye simu hii hakipandi mtandaoni." Tangu siku hiyo hakuna ukurasa uliopanda kabla sijaufungulia kwenye kile kisimu. Kurasa mia mbili na kumi na nne. Zote nilizifungua mimi.

Babu alipofariki ulikuja Ngombezi bila kuitwa, kama mtani anavyotakiwa. Ulivaa gunia. Ukajilaza mlangoni jeneza lisitoke, umeshika kipande cha kamba ya mkonge. "Huyu hatoki mpaka nimhesabu!" Ukaanza kwa sauti ya babu ileile ya puani: "Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini, funga!" Mama yangu alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili. Alicheka mpaka akakaa chini, na hapo ndipo akalia vizuri. Sijawahi kukushukuru kwa siku ile. Watani hawashukuriani. Lakini niliiweka.

Sauti ile na hesabu ile nilikupa mimi. Tita la mkonge, babu alitueleza, lilikuwa majani thelathini. Ukifunga ishirini na tisa, nyapara anakata kamba na kulimwaga lote chini, hakuulizi lile moja limepotelea wapi. Babu alikuwa akisema ishirini na tisa si tita dogo, si tita.

Sasa sikiliza kilichotokea Mashewa, maana kwenye simu hukunipa nafasi ya kumaliza.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo Mwalimu Zubeda wa shule ya huko alinipigia. Yeye huwaandikia wanafunzi anwani ya ukurasa wetu ubaoni, wanakwenda kusomea kwenye simu za nyumbani, kisha anasahihisha kwa karatasi niliyomchapia muhula uliopita. Sauti yake ilikuwa ngumu. "Dada wa steshenari, njoo uone maajabu." Nikafunga duka, nikapanda gari la Mashewa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo." Akanimwagia madaftari mezani. "Arobaini na moja. Swali la saba, jibu moja, kosa moja, hata mmoja hakutofautiana. Wameigiliziana hawa. Nimewafyekesha uwanja siku mbili na bado hakuna anayemtaja wa kwanza."

Swali la saba unalijua, ulilitunga wewe. Ukurasa unampa mtoto mabano mawili na upanuzi wake kwenye mstari mmoja, yeye anakusanya vinavyofanana:

(2x + 3)(x − 5) = 2x² − 10x + 3x − 15

Watoto wote waliandika 2x² − 7x. Basi. Hasi kumi na tano hakuna.

Nikamwomba mwalimu aniitie mmoja wao. Akaja binti anaitwa Rehema, viganja vina malengelenge ya fyekeo. Nikamuuliza, mwanangu, kumi na tano umeipeleka wapi?

"Kumi na tano ipi, dada?" Akamtazama mwalimu, akanitazama mimi. "Sisi tuliandika kilichoonekana. Tungejuaje kuna kingine?"

Nikatoa kile kisimu. Ninacho bado, kioo bado kimepasuka. Nikafungua ukurasa wetu. Mlinganyo ulikuwa mkubwa, mnene, mzuri kweli, ukaenda mpaka kwenye tatu eksi, ukafika ukingoni, ukakatika. Hakuna alama ya kusema kuna kilichobaki. Nikasogeza kwa kidole, haukusogea. Nikashuka chini kabisa ya ukurasa, pale tulipokuwa tumeandika kwa utani, "Hesabu: Mzigua. Mitambo: Mnyamwezi." Nikakuta jina lako moja tu, kamili, na shahada mbili mbele yake.

Usidhani jina halijaniuma. Limeniuma. Lakini mbele ya yule binti ilibidi niliweke pembeni.

Nikachukua chaki. Mwalimu, nikasema, tuweke x ni tano. Mabano ya pili yanakuwa sifuri, kwa hiyo jibu lote lazima liwe sifuri. La watoto tulipime: mbili mara ishirini na tano, hamsini, toa saba mara tano, thelathini na tano. Zimebaki kumi na tano. Hiyo ndiyo iliyokatwa na kioo. Watoto hawakuibiana. Wamekokotoa sawasawa kitu walichopewa nusu.

Mwalimu Zubeda akayavuta madaftari. Alichukua kalamu nyekundu akaanza kufuta alama zake, daftari moja baada ya jingine. La kumi na mbili akasema bila kuinua uso, "Na kufyeka nakufutaje?" Hilo swali ni lako.

Nilikupigia pale pale, nimesimama nje ya ofisi yake. Ulipokea unacheka. Ukaniambia ulikuwa na semina ya wakubwa, ukurasa ukawekwa kwenye projekta, milinganyo iliyokunjwa ikaonekana ya kishamba. Ukapandisha ukubwa hadi asilimia mia na hamsini. Ukazima kukunja. Kusogeza kwa kidole nako ukakuzima, eti kile kimstari cha kusogezea kinachotokea chini kilikuwa kinaharibu sura. Ukabadilisha paswedi "kwa usalama."

"Mnyamwezi, unalia kwa mstari mmoja?"

"Mistari miwili. Na jina."

"Aah, mtani! Mtani akichukua kuku, mwenye kuku si ndiye anayechemsha maji? Niache, niko kikaoni."

Ukakata. Tangu hapo nimepiga mara kumi na moja.

Nimeifikiria ile kauli ya kuku siku zote hizi, nikiwa nachapa, nikiwa napanga karatasi. Ni kweli, mtani anachukua kuku. Ungechukua wangu ningechemsha maji, ningemenya na vitunguu. Jina langu ungelichukua na kunitania nalo, pengine ningenuna mwezi mmoja, kisha ningekutukana, yakaisha. Lakini utani ni wa wawili. Wewe na mimi tuliurithi, tunajuana mipaka yake. Rehema si mtani wako. Wale arobaini na moja hawakuingia kwenye utani wetu, hawakujua wanataniwa, na hakuna aliyewaambia wacheke.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba nakumbuka ulivyokuwa. Mtu aliyelala mlangoni amevaa gunia ili mama yangu apate kulia, mtu huyo huyo akaona tita la majani ishirini na tisa likipendeza ukutani akalipitisha. Nyapara wa babu, pamoja na ukali wake wote, angekukatia kamba.

Nakala ya faili letu la zamani ninayo kwenye flashi. Jumamosi asubuhi nitawasha ukurasa mwingine kwa nguvu zangu, milinganyo imekunjwa, imekunjamana kama shati la fisi, na inasomeka. Lakini anwani iliyobandikwa kwenye kuta za madarasa ni ile ya zamani, na ufunguo wake unao wewe. Mpaka walimu wote wapate habari, kuna watoto wataendelea kuandika kilichoonekana. Kwa hiyo rudisha ile mistari miwili ya mipangilio. Ukunjwe. Asilimia mia. Nimejipima: ni kazi ya dakika moja na sekunde arobaini, pamoja na kuhifadhi.

Pole yako siihitaji, na jina utalirudisha ukitaka. Nataka jibu la swali moja, kwa sababu bila hilo sijui nimempoteza nani. Kujua, ulijua, sheria uliitunga wewe. Ninachouliza ni hiki: asubuhi ile, mkono wako ukiwa juu ya ule mstari wa kukunja, kile kisimu chenye kioo kilichopasuka kilikujia akilini, au hakikukujia?

Ukisema ulisahau, nitakasirika kama watu wanavyokasirikiana. Ukisema kilikujia na ukaendelea, nitajua la kufanya na benchi lako hapa dukani.

Nijibu Ijumaa kabla ya saa sita mchana, hujavua viatu kuingia msikitini. Kilikujia, au hakikukujia?

Neno moja linatosha. Na usicheke.

Ni mimi, mtani wako mpaka Ijumaa,
Mjukuu wa mkata mkonge,
Ngombezi.