Kisanduku cha Kunyamazisha Ndege

Tunduma,
9 Machi 1999

Kaka yangu Yonasi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Isongole, wewe, shemeji Nesta na watoto. Natumaini mgongo umepata nafuu na mahindi yameshika vizuri. Sisi huku hatujambo, ukiondoa tope la malori ambalo sasa linaingia hadi kwenye uji.

Kabla ya yote, natangaza kwa masikitiko makubwa kustaafu kwa suruali yangu ya kijivu, ile uliyonigawia tumbo lako lilipoikataa. Ilitumika kwa uaminifu, ikapasuka makalioni mbele ya wanakwaya wa misheni. Rambirambi hazipokelewi. Cheka tu, kaka, maana suruali hiyo nitairudia.

Najua umesikia nikisifiwa kwamba nimenyamazisha ndege ya misheni. Ilianza pale rubani Masumbuko alipokuja kibandani kwangu akilalamika kuwa hedifoni zake zinapiga mluzi tangu injini inapowaka hadi inapozimwa. Mluzi ulitoka kwenye alteneta, ile inayochaji betri, ukapenya kwenye nyaya hadi masikioni. Alisema kuongea na watu wa uwanja wa Mbeya ni kama kuongea huku birika linachemka begani. Mafundi wa ndege wako mbali, na mimi unanijua, neno "siwezi" sikufundishwa. Hata saa ya mama nilisema naiweza, na mpaka leo inaonyesha wakati ule ule nilipoigusa.

Nikanunua vipuri Nakonde, nikaunda kisanduku cha bati. Kazi yake ni kuusikiliza mluzi, kuugeuza juu chini, kisha kuurudisha kwenye hedifoni. Mluzi na kinyume chake hukutana kama watu wawili wa nguvu sawa wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani, huyu nje. Mlango hauendi popote, na sikio halisikii kitu. Ndivyo kilivyosema kitabu cha chuo.

Basi nikajikunja chini ya dashibodi ya ndege, nikakifunga. Masumbuko akawasha injini, akavaa hedifoni, akatabasamu mpaka jino la dhahabu likaonekana. Mluzi haukuwepo. Wanakwaya wakanipigia vigelegele. Ndipo akaniuliza mbona mshale wa kipimo cha umeme umelalia upande wa betri kuisha. Nikamjibu bila hata kuinama kuutazama:

"Usiujali, rubani. Ni kisanduku changu kinakunywa umeme kidogo."

Kesho yake alishuka bondeni Momba kumchukua mke wa Mayala, mfugaji, ambaye uchungu ulikuwa umemkwamia. Wakati wa kurudi mawingu yalikuwa yamefunga, na redio ikafa. Injini iliendelea, maana ikishawaka haiitegemei betri, lakini hakuweza kuuliza wala kusikiwa. Aliingia uwanja wa Mbeya bila hodi, na ndege nyingine ilikuwa inakimbia kuruka. Zilipishana kwa upana wa wembe. Mama yule alijifungua salama, ila Masumbuko hajaruhusiwa kuruka tena, na wagonjwa wa bondeni wanabebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Sasa kamati yako ya misheni inakaa Jumamosi. Nasikia mkaguzi alikuta alteneta nzima na nyaya nzima, kwa hiyo mnaona rubani alisahau kuwasha swichi ya alteneta, na mnataka kumwachisha kazi. Nasikia pia kwamba yeye alijieleza kwa maneno machache tu, kuwa mshale aliuona na akaupuuza. Hakunitaja.

Kaka, swichi aliiwasha.

Suruali ilipasuka nikiwa bado chini ya dashibodi. Wasichana wa kwaya walicheka, nikatoka kwa pupa nikijifunika kwa mkono, na bega langu likavuta waya mwembamba wa alteneta. Nilihisi kitu kimeachia. Lakini aibu ya makalio ilikuwa kubwa kuliko akili, nikanyamaza. Mluzi ulikoma kwa sababu alteneta yenyewe ilikuwa imekufa. Kisanduku changu hakikunyamazisha chochote. Nilikijaribu baadaye kwenye lori la Othmani, mluzi ukazidi maradufu, na Othmani akaniuliza nimetumwa na adui yake gani.

Hilo ningeliita bahati mbaya. Hili linalofuata halina jina hilo. Siku ile ile aliyotua bila redio, Masumbuko aliniita Mbeya nikatoe kisanduku kabla mkaguzi hajafika. Niliinama, nikauona waya unaning'inia. Nikaurudisha, nikaukaza, nikatoka. Alikuwa amesimama kwenye bawa akinisubiri.

"Umeona kitu, fundi?"

"Sijaona kitu."

Alinitazama kidogo, akanishukuru kwa kuja, akanilipia nauli ya kurudi Tunduma.

Othmani anakuletea barua hii pamoja na kisanduku. Isome yote mbele ya kamati, na suruali usiiruke. Waache wacheke kwanza. Wakishanyamaza, wasomee nilivyomjibu Masumbuko pale kwenye bawa. Jumamosi nitakuwa nje ya mlango, mkiniita nitaingia.

Mke wangu Jenista anawasalimu wote. Hii barua sijamsomea bado. Nitamsomea leo akimaliza kufua.

Mdogo wako,
Fanueli, fundi redio